Nyumba ya Magurudumu Mawili Yafika Magunga

Mtu akisema kwamba anakwenda kulala porini kwa hiari yake, hali ana kitanda kizuri nyumbani, wazee wengi wa kandokando ya Ziwa Victoria humtazama kwa huruma. Kwao hema ni kitu cha askari, au cha mwindaji wa Kizungu wa zamani aliyefuatwa na msururu wa wapagazi, au cha mtu aliyefukuzwa kwake na mafuriko. Lakini mambo yamebadilika. Siku hizi wako makarani, walimu na wafanya biashara wafungao tela dogo nyuma ya motokaa, wakapakia hema, sufuria na maji, wakaenda na jamaa zao kuitazama nchi yao wenyewe. Jambo hili ni jema, wala gharama yake si kubwa kama ya hoteli. Ila lina elimu yake, na asiyeitafuta elimu hiyo mapema hufunzwa na mvua usiku.

Habari ya karani mmoja, mzaliwa wa vilima vya Gwassi karibu na Magunga, yatosha kuwa funzo. Mtu huyu alifanya kazi ya ofisi mjini Nairobi kwa miaka zaidi ya 30, akastaafu kwa heshima. Alisomesha watoto wake wote, hakuwa mlevi, wala hakuwa na deni la kumtia aibu. Lakini jambo moja hakulitenda: hakujenga nyumba kwao. Kila mwaka alisema, "Mwaka ujao," na kila mwaka ujao ulikuja na ada zake za shule na maradhi yake. Baba yake alipokufa alikuja kuzika, akalala kwa rafiki mjini Homa Bay. Mama yake alipokufa akafanya vivyo hivyo. Boma likabaki mikononi mwa kaka yake mkubwa, mkulima wa mahindi na mtama, ambaye hakuwahi kulitoka.

Basi siku moja mjukuu wake, mvulana wa miaka 11, alimwuliza, "Babu, kwetu ni wapi?" Akajibu, "Magunga." Mtoto akauliza tena, "Tukienda Magunga tutalala wapi?" Msomaji aliyezaliwa katika nchi ya Waluo na Wasuba hana haja ya kuelezwa uzito wa swali hilo. Mtu mzima asiye na nyumba katika boma la baba yake ni kama mgeni hapo, hata kama kila mti unamjua. Karani alinyamaza. Juma lililofuata akaenda kwa fundi wa chuma, akanunua tela.

Lilikuwa tela dogo la ekseli moja na magurudumu mawili, kama yale ambayo wakulima huyatumia kuchukulia magunia na mbolea. Fundi alilitia springi, akalifunika kwa turubai zito, akatengeneza na kisanduku cha mbele cha kuwekea vyombo. Karani alijifunza hapo kwamba tela ni chombo cha barabarani kama motokaa yenyewe. Huandikishwa na serikali, likapewa namba yake lenyewe, ambayo nchini Kenya huanza na herufi Z. Tena ni lazima liwe na taa za nyuma, za kusimamia na za kugeukia, zinazowaka pamoja na zile za motokaa inayolivuta. Mtu akiona uvivu kuunganisha waya wa taa, anayekuja nyuma yake gizani hatajua kwamba mbele yake kuna tela linalosimama.

Safari ilianza mwezi wa Aprili, watoto walipofunga shule. Walikuwa wanne: karani, bibi yake, yule mvulana, na dada yake mdogo wa miaka 6. Karani alipakia mizigo mwenyewe, kwa akili ya mtu wa ofisi apangaye majalada: kitu kitakachotakiwa kwanza kikae karibu na mlango. Kwa kuwa maji hutakiwa kwanza, aliyaweka nyuma kabisa, jerikeni sita za lita 20 kila moja. Hakukumbuka kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kwamba hapo ameweka kilo 120 katika mkia wa tela.

Walipoanza kuteremka Mai Mahiu kuingia Bonde la Ufa, tela likaanza kuyumba. Mara ya kwanza lilitikisika kidogo, kama mkia wa mbwa. Halafu likavuta motokaa kushoto na kulia, hata bibi akashika dashibodi kwa mikono miwili na watoto wakanyamaza. Kwa bahati karani hakukanyaga breki kwa nguvu. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani sawa bila kupigana nao, na mwendo ulipopungua tela likatulia. Huo ndio utaratibu uliopasa, ingawa yeye aliufuata kwa woga wala si kwa ujuzi. Mtu akikanyaga breki ghafula wakati huo, au akiongeza mwendo, tela laweza kuipita motokaa na kuipindua.

Dereva wa lori aliyekuwa amesimama kupoza breki zake alilitazama tela, akalisukuma mkiani kwa mkono mmoja, akacheka. "Mzee," akasema, "mzigo wako umeketi nyuma. Punda akipakiwa nyuma huinua miguu ya mbele. Tela nalo hivyo hivyo." Akawasaidia kupakua yote na kupakia upya pale kando ya barabara.

Kanuni aliyowaonyesha ni fupi, na mkulima aliyewahi kupakia mkokoteni wa ng'ombe anaijua nusu yake tayari. Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Vitu vyepesi kama magodoro na mablanketi vikae juu na nyuma. Ikiwa tela lote pamoja na mzigo lina kilo 400, basi kilo 40 hadi 60 zapaswa kulala juu ya ndoana ya motokaa, yaani sehemu kumi hadi kumi na tano katika kila mia. Zikipungua, tela huyumba. Zikizidi sana, nyuma ya motokaa hudidimia na magurudumu ya mbele hupoteza nguvu ya kushika njia. Kupima si kazi ngumu. Mizani ile ile ya kupimia magunia ya mahindi yatosha: tela likiwa limesimama sawa juu ya ardhi tambarare, shingo yake hutundikwa kwenye mizani, na uzito husomwa.

Dereva yule akaongeza mashauri mengine. Kwenye mteremko mrefu, ingia gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, usingoje breki zianze kunuka. Pitisha mnyororo wa nguvu kati ya tela na motokaa, ili ndoana ikikatika tela lisiende peke yake kutafuta watu. Beringi za magurudumu zitiwe grisi kabla ya safari, na kila mnaposimama weka kiganja juu ya kitovu cha gurudumu: kikiwa na moto wa kuchoma, beringi zinakufa. Chukua mpira wa akiba wa tela lenyewe, maana ule wa motokaa mara nyingi hauingii. Jeki iwe na kipande cha ubao wa kuikalisha, kwa kuwa jeki isiyo na ubao katika udongo laini huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Na vipande viwili vya gogo vilivyochongwa kama kabari vya kuzuia magurudumu ni vitu vya bure ambavyo vimeokoa vidole na miguu mingi.

Jambo moja dereva hakuweza kumfundisha kwa dakika kumi: kurudi nyuma. Tela hurudi kinyume cha usukani. Ukitaka mkia wake uende kulia, usukani wauzungusha kushoto, polepole, kisha wautengeneza mara tu tela linapoanza kutii. Afadhali mtu ajizoeze katika uwanja mtupu kabla ya safari kuliko kujifunza mbele ya umati wa sokoni. Karani alijifunzia Narok, mbele ya umati wa sokoni.

Wakapita Bomet, Sotik na Kisii, na siku ya pili wakafika katika bonde la Lambwe, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Mahali hapa panastahili kujulikana zaidi na wenyeji wa Homa Bay na Migori, ambao wengi wao hupita kando yake maisha yao yote bila kuingia. Ina ukubwa wa kilomita za eneo 120. Ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa hifadhi ya taifa. Katika Kenya nzima, ndimo alimosalia yule swala mkubwa aitwaye korongo, mwenye pembe zilizopinda nyuma na uso wa weusi na weupe. Wamo pia twiga, nyati, nyamera, na taya mdogo arukaye katika majani marefu. Vifaru nao waliletwa kutoka mahali pengine. Kuna viwanja vya kupigia hema, na mgeni hulipa ada yake langoni au kabla ya kufika, kwa njia atakayoelekezwa.

Walipokuwa wakisimamisha hema, askari wa wanyama alisimama akalitazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Mzee, nani aliyekuchagulia rangi hii?" Hema lilikuwa la buluu iliyokoza. Karani alijibu kwamba bibi yake aliipenda. Askari akamwonyesha kwa kidole, ng'ambo ya majani, kitambaa cha buluu na cheusi kilichotundikwa kwenye mti. "Ule ni mtego wa ndorobo," akasema. "Ndorobo hupenda buluu na nyeusi kuliko rangi zote. Wewe umeleta mtego mkubwa kuliko wetu, tena utalala ndani yake."

Watoto walicheka sana, lakini karani hakucheka, kwa sababu alikumbuka maneno ya baba yake. Bonde la Lambwe liliogopwa tangu zamani kwa ajili ya ndorobo na ugonjwa wa malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua watu wengi mno pande zote za ziwa, na wengine wakakimbia makwao. Miaka ya 1980 ulizuka tena katika Lambwe. Kwa kazi ya miaka mingi ya mitego, dawa na uchunguzi wa damu, ulipungua hata mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba malale si tena tatizo la afya ya umma katika Kenya. Hiyo ni habari njema. Hata hivyo ndorobo bado wapo, huuma mchana, huweza kupenya nguo nyembamba kwa mdomo wao, na ng'ombe bado huugua nagana. Kwa hiyo mwenye kupiga hema katika nchi hizo achague hema na nguo za rangi ya majani makavu au ya udongo, avae mikono mirefu, na akipata homa baada ya safari amwambie mganga wa hospitali kwamba alipita mahali penye ndorobo.

Askari aliwasaidia kulifunika hema la buluu kwa turubai la rangi ya udongo, na usiku ule wakalala vema. Walisikia fisi mbali. Chakula chote kilikuwa ndani ya masanduku ya bati katika tela, turubai limefungwa, wala hapakuwa na hata ganda la ndizi hemani. Maana nyani mchana na fisi usiku huifuata harufu ya chakula, si ya mtu. Asubuhi yule msichana mdogo aliona twiga akila majani ya mgunga, akasema kwa sauti ndogo, "Babu, kumbe kwetu kuna twiga." Karani aliona moyo wake umejaa.

Siku ya tatu wakashika njia ya Sindo, wakafika Magunga alasiri, na kutoka hapo mpaka bomani kwao.

Kaka mkubwa aliwapokea kwa furaha. Shemeji alichinja kuku, watoto wakafurahi na ndama. Lakini karani alipoanza kufungua tela katikati ya boma ili kusimamisha hema, kaka yake alimwita kando.

"Mdogo wangu," akamwambia, "hicho unachotaka kukisimamisha ni kitu gani?"

"Ni hema, Kaka. Ni mahali pa kulala tu."

"Katika boma la baba yetu kila nyumba ina mahali pake, na kila aliyeijenga aliijenga kwa zamu yake mbele ya wazee. Hema si nyumba. Halina nguzo, wala halikuombewa. Ukilisimamisha hapa, je, niwaambie watu kwamba umejenga au hukujenga?"

Karani aliona maneno hayo yamemchoma. Alijibu kwa haraka kwamba atalala nje ya ua, asimwudhi mtu. Kaka yake hakumzuia. Alisema tu, "Vema. Lala nje ya ua, lakini panda juu, kwenye mawe. Usilale pale chini kwa mchanga. Maji yana njia yake pale."

Pale chini kwa mchanga palikuwa pazuri mno. Palikuwa tambarare, pana majani mafupi, pana mti mkubwa wa kivuli, na ziwa lilionekana likimetameta. Kijito kilichopita kando yake kilikuwa kikavu kabisa, hata watoto walicheza ndani yake. Kule juu kwenye mawe palikuwa na upepo na vigingi visingeingia kwa urahisi. Tena karani alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hulisikia shauri jema kama tusi. Akashusha tela mpaka mchangani.

Pwani za Ziwa Victoria zina tabia yao. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, na mara nyingi mvua kubwa za radi hutokea saa za usiku, hasa kuanzia Machi mpaka Mei, wakati wa masika. Usiku ule, kadiri ya saa nane, radi ilipiga juu ya vilima vya Gwassi. Mvua haikuanza kunyesha pale walipolala; ilianza kule vilimani. Ndiyo sababu kijito kikavu ni cha hatari kuliko mto wenye maji: hujaa kwa mvua ambayo mlalaji hakuisikia. Karani aliamshwa na baridi ya maji chini ya godoro lake. Alipowasha tochi aliona viatu vya watoto vinaelea. Dakika chache baadaye mvua yenyewe ikafika, na upepo pamoja nayo, vigingi vya upande mmoja vikang'oka mchangani kama meno ya mzee.

Waliwabeba watoto mpaka mahali palipoinuka kidogo, wakalivuta hema na kulisimamisha nusu nusu wakilifunga kwenye tela. Motokaa ilikuwa imeachwa bomani juu. Msichana mdogo alikuwa amelowa mwili mzima, akitetemeka hata meno yakigongana. Ndipo bibi, kwa huruma ya mama, akawasha jiko la makaa chini ya turubai la tela, na makaa yalipokwisha kuwa mekundu bila moshi akaliinua kuliingiza hemani, ili afunge mlango watoto wapate joto.

Hapo karani alimshika mkono. Katika miaka yake ya ofisi, majalada mengi yalipita mezani pake, na mawili kati ya hayo hakuyasahau kamwe: yalikuwa ya watu waliolala na jiko katika chumba kilichofungwa, wasiamke. Makaa yakiungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Huingia katika damu na kuikalia nafasi ile ambayo ingechukua hewa njema. Mtu huumwa kichwa, huona usingizi mtamu, akalala moja kwa moja. Makaa mekundu yasiyo na moshi, ambayo wengi huyadhani salama, ndiyo yaitoayo. Hema lililolowa maji ni baya zaidi, maana kitambaa kilicholowa hakipitishi hewa.

Bibi alilia. "Mtoto atakufa kwa baridi!" akasema. Karani naye hakuwa na jibu jema la kumpa. Alilitoa jiko nje, likazimwa na mvua, akamvua mtoto nguo zilizolowa, akamkumbatia kifuani pake ndani ya blanketi moja lililokuwa kavu kwa sababu lilifungwa katika mfuko wa plastiki. Mvulana akafanya vivyo hivyo na nyanya yake. Joto la mwili wa mtu katika blanketi kavu ni dogo, lakini haliui.

Haukupita muda, wakaona taa inashuka kutoka bomani. Alikuwa kaka mkubwa, amejifunika gunia kichwani, na wanawe wawili nyuma yake. Hakusema, "Sikukwambia?" Alimchukua msichana begani, akasema, "Watoto hawana habari ya desturi. Watalala jikoni kwa shangazi zao." Watoto wakapelekwa kwenye moto wa kuni, katika jiko lenye upenyo mpana chini ya paa, wakapewa uji. Karani na bibi yake walimaliza usiku ndani ya motokaa, mbele ya ua wa boma alimozaliwa.

Asubuhi jua lilitoka safi kabisa, kana kwamba hapakuwa na jambo. Kaka alimpeleka mdogo wake kule chini, akamwonyesha kwa fimbo yake mambo ambayo yeye alikuwa ameyatazama bila kuyaona. Majani makavu na vijiti vimenasa katika matawi ya vichaka, kimo cha goti: hiyo ndiyo alama ya maji ya mwaka uliopita. Mchanga ni laini na umepangika kwa mistari: hapo maji yametembea. Chini ya mti mkubwa yapo matawi yaliyoanguka: mti huo hutupa matawi wakati wa upepo. Njia pana iliyokanyagwa kuelekea ziwani si ya ng'ombe peke yao. Viboko nao hupanda usiku kula majani, na kiboko akikuta kitu katikati yake na maji hakizunguki. Na hapo karibu ulipita mstari wa siafu.

Kisha wakapanda juu kwenye mawe. Ardhi ilikuwa na changarawe, maji ya usiku yamekwisha kukauka. Palikuwa na mwinuko mdogo wa kutosha kumwaga maji, lakini si wa kumviringisha mlalaji. Kichaka kinene upande wa vilima kilizuia upepo wa usiku. Kwa vigingi, kaka alimfundisha kutumia vya chuma vifupi katika changarawe, na pale ambapo kigingi kinakataa, kufunga kamba kwenye jiwe kubwa. Katika udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi, akamwonya asiingize tela kabisa masika. Litaingia kwa dakika moja na kutoka baada ya juma. Maji ya ziwa, akasema, watoto wasiyaogelee penye majani na konokono, kwa sababu ya kichocho. Na ya kunywa yachemshwe. Chandarua kilichotiwa dawa kisiachwe hata usiku mmoja, maana mbu wa ziwa hawajui mgeni na mwenyeji.

Hayo yote aliyasema mtu ambaye hakuwahi kulala katika hema maishani mwake. Karani alikuwa amesoma juu ya mahema, bei zake na vitambaa vyake. Kaka yake alikuwa ameisoma ardhi. Na katika kupiga hema, ardhi ndiyo nusu kubwa ya somo.

Walikaa siku nne zaidi pale juu kwenye mawe, salama. Jioni ya mwisho, karani alimwuliza kaka yake, "Kaka, nafasi yangu katika boma bado ipo?" Kaka akainuka bila neno, akatembea naye ndani ya ua mpaka mahali palipoota majani mafupi. Palikuwa pamefyekwa. Karani akauliza nani aliyefyeka. "Mimi," kaka akajibu. "Nimepafyeka kila mwaka tangu baba alipokufa. Pako juu, maji hayafiki."

Mwezi wa Agosti, mvua zilipokwisha kupungua, tela lile lilirudi Magunga. Safari hii hapakuwa na hema wala masanduku ya chakula. Lilikuwa limepakiwa mabati, misumari na mifuko michache ya saruji, vitu vizito chini na mbele ya ekseli, na shingo yake imepimwa kwa mizani ya mahindi. Watoto walikuja pia. Njiani msichana mdogo aliuliza kama watalala tena katika nyumba ya magurudumu. Babu yake alimjibu kwamba watalala humo usiku chache tu, kule juu kwenye mawe, mpaka nguzo zisimamishwe.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuitembelea nchi kwa tela na asiogope. Afunge mzigo wake vema, achague rangi ya hema kwa akili, alitoe jiko nje, na kabla ya kupiga kigingi cha kwanza amwulize mwenyeji wa mahali pale maji hupita wapi. Swali hilo halina gharama, na mkulima yeyote atalijibu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.